Ngozi ya Paka kwa Mulango ya Masenge

Miye niko mutu wa kucheka, quartier yetu ya Kadutu yote inajua. Kwa masomo ya masista banifukuzaka juu ya kucheka, banirudisha, banifukuza tena, na kisha kumaliza mwaka ya tano nikatoka miye mwenyewe ili bapumuzike. Hata kwa kilio, kama naona muzee moja anaimba na macho ya kufunga, na nzi inatembea kwa pua yake, nabidi kuingiza kwa kinywa kikwembe, nguo yangu ya kujifunga. Lakini ile asubuhi yenye miye na masenge tulifunguaka depo ya ndagala, sikucheka. Kinywa ilibaki wazi sawa sufuria yenye imekosa kifuniko.

Masenge ni dada ya papa yangu. Alifiwa na bwana mapema, hakupata mutoto, njo akanikamata miye nimusaidie. Alikuwa na kadepo kadogo nyuma ya soko, matofali na mabati ya kutoboka, na ndani magunia ya ndagala, zile samaki ndogo za kukausha zenye camion za mizigo zinaleta toka Uvira. Harufu yake, usiniulize. Vijana ya avenue baliniitaka Mademoiselle Ndagala. Nilibajibu: «Miye nanuka, lakini kuko mwenye ananunua. Ninyi munanuka bure.»

Mbele ya paka kukuja, ile depo ilikuwa ya panya. Unafungua gunia, panya inakuangalia sawa weye njo mugeni. Na kwa masenge panya haikuwa mambo ya samaki tu. Bwana yake aliachaka ndugu mudogo kule Mudaka, mutu wa shamba, mwenye bibi wawili na baiskeli moja. Siku ya kumaliza kilio, bazee balikata maneno hivi: kama biashara ya huyu muke inamulisha, abaki kwa muji, siku biashara inaanguka, shemeji anakuja kumukamata, anakuwa bibi wa tatu, analima. Basi kila gunia yenye panya ilitoboa, miye niliona jembe inasogea.

Kisha paka zikakuja. Hakuna mutu aliziita, zilifuata pua. Zilizaa nyuma ya depo, kati ya mawe, zikapigana, zikalia sawa batoto benye kuungua. Masenge hakuzipenda, hakuzichukia. Alizitupia vichwa vya ndagala, pale pale kila mangaribi, ili zisiende kuchokora kwa majungu ya batu. Panya zikahama. Masenge akaanza kuimba akiwa anapima samaki, na miye nilijua: jembe imesimama.

Sasa ile asubuhi. Tulizunguka nyuma ya depo na vichwa vya ndagala ndani ya kikapo, na paka zililala pale chini. Nilifikiri zinaota jua. Nikapiga mulio kwa mudomo, hakuna sikio yenye iligeuka. Macho yote wazi, povu kwa meno, miguu ya kunyooka sawa fimbo. Na paka moja nyeusi, mama, ilikuwa imekufa, na batoto yake bangali bananyonya. Bananyonya maiti! Niliketi chini kwa matope na kikwembe yangu ya kanisa. Masenge alifanya alama ya musalaba, akasema tu: «Maria.» Halafu akasema tena: «Maria.»

Kwa ile batoto, kamoja tu, keusi sawa mama yake, kalikuwa kangali na nguvu ya kunikwaruza. Nikakafunga kwa kifua.

Batu ya hygiène, ile kazi ya usafi ya serikali, njo balitupaka nyama ya sumu. Balirudi wenyewe kuokota maiti na ndoo: muzungu kijana, kaputula nyeupe, shingo nyekundu sawa pilipili, pamoja na infirmier, muuguzi mweusi, Mushi sawa siye, mutoto wa kule Miti, mwenye alikuwa anageuza maneno kwa Kiswahili. Balisema kule juu, kwa bazungu, mbwa moja ya kichaa imeuma batu, na kila nyama yenye haina mwenyewe, mbwa ao paka, itakufa.

Masenge akaenda kusimama mbele ya ndoo.

«Zenye zimebaki ni zangu.»

«Zote?» infirmier akauliza.

«Zote.»

Muzungu akacheka, akasema maneno mingi. Infirmier akageuza: «Maman, anasema muke moja hawezi kuwa mwenyewe wa paka ya quartier nzima. Mutu moja, paka moja, kitambaa kwa shingo. Mwenyewe asimame hapa aseme ni yangu. Na zisizae ovyo. Anarudi mwezi unakuja na ndoo yake. Yenye atakuta bila mutu, basi.»

Miye nikasema: «Mwambie na yeye avae kitambaa, tujue mwenyewe wake ni nani.» Infirmier hakugeuza hiyo. Alikohoa.

Tulirudi ndani ya depo. Masenge aliketi juu ya gunia, mikono kati ya magoti. Paka zenye zilibaki zilikuwa zinajificha chini ya mabati, na kwa avenue hakuna mutu alitaka paka. Paka ni ya soko, kama vumbi. Nani anajitangaza mwenyewe wa vumbi?

«Mudaka iko mbali?» nikauliza, juu ya kucheka kidogo.

«Nyamaza.»

Njo pale masenge aliniangalia, akasema: «Tutazigawa sawa ngombe.»

Nitafasiria kwa wenye si Bashi. Kwetu, mutu mwenye ngombe mingi hazichungi zote kwake. Moja anaiweka kwa jirani. Jirani anakunywa maziwa, anapata mbolea kwa shamba, lakini ngombe inabaki ya mwenyewe, na moja kati ya batoto yake inarudi. Siku ya kupokea, munakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, mbele ya batu. Ukisha kumeza, weye ni mutu wake: ukipita kwake unasalimia, akiwa na kazi unakuja. Ngombe ile hauuzi, hauchinji. Na kama inakufa yenyewe, unamuletea ngozi na muguu moja, aone na macho yake kama haukukula kwa siri.

«Masenge,» nikasema, «paka haina maziwa.»

«Maziwa ya paka ni muhogo yenye panya haikukula.»

«Na mbolea?»

«Mbolea utafagia weye.»

Nilifikiri tutaanza na batu ya upole, bamaman ya kanisa. Hapana. Alinituma kuita fundi wa cherehani.

Yesu wangu. Huyo fundi alikuwa anashona chini ya baraza, hatua chache toka kwa depo, na avenue nzima ilijua kama anakula paka. Yeye mwenyewe hakuficha. Ukisikia harufu ya kitunguu kwake siku ya Mungu, kisha misa, unaenda kuhesabu paka. Batoto baliimba: «Fundi, fundi, shati yako inalia nyau!»

«Masenge, unapeleka mbuzi kwa chui?»

«Chui akisha kuchunga, fisi ataanzia wapi? Enda.»

Fundi akakuja na sindano kwa mudomo, akacheka kuona paka ya njano, sikio moja ya kukatika, ndani ya kikapo.

«Maman, unanipa ya kupika?»

«Kaa kwanza, ukunywe.»

Alikaa. Bajirani balisimama kwa mulango. Masenge akamimina kasiksi, fundi akavuta kikombe moja nzuri, ya mutu mwenye kiu. Masenge akangojea mpaka ile kintu ya shingo yake imepanda, imeshuka. Halafu akasema polepole, sawa bazee banasemaka: «Nimekupa ngombe. Uichunge, ikulinde, mutoto wake arudi kwangu.»

Fundi akabaki na kikombe hewani. Macho yake ilitoka inje kuangalia kama shingo iko salama.

«Maman, hii ni muchezo?»

«Ulikunywa, ao haukukunywa?»

Akaangalia bajirani. Bajirani bakamuangalia. Muzee moja akasema: «Imeshuka, tumeona.»

«Nilikunywa,» fundi akasema, na sauti ya mutu mwenye amesaini bila kusoma.

Akaondoka na kikapo kwa kichwa, na paka ndani inamutukana. Ile siku nilicheka mpaka nikalala chini. Kumbe mushangao ulikuwa ungali unakuja nyuma.

Kisha fundi kupokea, nani tena angekataa? Mwenye kuuza makala ya kupikia alikamata moja. Maman wa beignets, yule wa mandazi, alikamata moja. Batu balianza kusalimia masenge na mikono miwili. Fundi alikata vipande vya kikwembe nyekundu, tukafunga kwa shingo. Na juu muzungu alisema zisizae ovyo, fundi, mwenye alikulia kwa mbuzi, akasema paka dume na mbuzi dume ziko na shida moja, na ile shida inakatwa.

Batu banaume balikuja kuangalia. Fundi alikamata kapoti ya soda, koti nzito ya askari, yenye baliletaka kushona mufuko, akaingiza paka kichwa mbele ndani ya mukono ya ile kapoti, ikatokea inje nyuma tu. Ndani ya giza paka ikatulia. Wembe ilikuwa imechemuka kwa maji, infirmier alitupatia dawa nyekundu kwa siri, na kazi ilikwisha mbele paka ijue inalia juu ya nini. Lakini banaume! Mwenye makala, mutu mukubwa, kifua sawa mulango, alifunga miguu, akashika suruali, akaenda kutapika nyuma ya ukuta.

«Papa,» nikamwambia, «bakia hapo hapo, kapoti ingali na mukono ya pili.»

Hakunisemesha tena mpaka Noeli.

Fundi, lakini, ndiye alinishangaza. Nilikuwa napita kwake kila siku kuhakikisha paka ya njano ingali inapumua. Siku moja naikuta juu ya pedale ya cherehani, pale pa kukanyaga na muguu, imelala. Fundi anazungusha gurudumu na mukono.

«Pedale imekufa?» nikauliza.

«Potea, Mademoiselle Ndagala.»

Nikapotea. Niliambia masenge kama fundi anainonesha, ndiyo maana.

Mwezi ukaisha. Ile siku, asubuhi, kila mutu alisimama mbele ya depo na paka yake kwa mikono. Ungesema ni ubatizo. Miye nilikuwa na kale keusi, kamekua kidogo, kitambaa kwa shingo, kanalala ndani ya kikwembe yangu sawa mutoto. Kalikuwa kangu. Masenge hakunipa kasiksi juu yake, na miye sikumuuliza.

Mbele camion ya hygiène ifike, nikaona baiskeli. Shemeji! Amevaa kofia, amefunga kamba ya kutosha kwa kiti ya nyuma, ile ya kufungia mizigo ya mutu anahama. Kumbe Mudaka habari ilifika nusu: sumu imeua paka, panya itakula ndagala, muke amekwisha. Nusu ingine ilibakia njiani.

«Asinge, shemeji,» akamusalimia masenge. «Nimekuja kukusaidia kufunga bintu.»

Masenge alipoteza rangi. Alimupa kiti.

Camion ikafika. Muzungu akashuka na ndoo yake. Akapita mbele ya kila mutu. «Ni yangu.» «Ni yangu.» Mwenye makala alisema ni yangu na miguu ya kufunga. Infirmier anageuza, muzungu anapandisha kichwa. Akafika kwa baraza ya fundi: cherehani imefunikwa, mutu hayuko, paka haiko.

«Ile ya njano iko wapi?» infirmier akauliza.

Nilihisi harufu ya kitunguu, naapa, na hakuna jungu ilikuwa kwa moto.

Shemeji akapiga mukono kwa goti. «Ameikula! Hata kule Mudaka tunamujua huyo. Shemeji, ngombe gani inachungwa na simba? Simama tuende.»

Infirmier akageuza. Muzungu akasema, na uso ya kuchoka: kama moja imeliwa, na hizi zingine munazinonesha tu. Hakuna mwenyewe hapa, kuko bapishi. Akafunua ndoo. Nyama ilikuwa ndani, na unga yake nyeupe. Nilifunika kichwa ya kale kangu. Masenge alikuwa ameshika ukuta ya depo.

Njo fundi akatokea.

Alivaa veste, koti yake nyeusi ya misa, na kola. Viatu! Mikononi sahani ya bati, imefunikwa na kitambaa nyeupe. Hakuangalia muzungu, hakuangalia mutu. Alienda mpaka kwa mulango ya masenge, akapiga magoti kwa vumbi, na ile suruali, akasema:

«Asinge, mushamuka.»

Mushamuka! Kwetu ile jina ni ya muzee mwenye heshima, mwenye ngombe na batu. Muke haitwi vile. Bazee balishangaa mpaka moja akatoa kofia kwa kichwa bila kujua.

Fundi akafunua sahani. Mama yangu wee. Ngozi ya njano, imenyooshwa vizuri, na sikio yake moja ya kukatika. Na pembeni yake muguu moja, mubichi, na makucha yake.

Maman wa beignets alipiga kelele. Muzungu alirudi nyuma mpaka akagonga camion yake. Miye, mutu wa kucheka, nilitafuta kicheko ndani ya tumbo yote, sikuona hata kamoja.

«Camion ya Uvira ilirudi nyuma jana, ikapita juu yake,» fundi akasema. «Tazama ngozi, mushamuka. Shingo nzima, kisu haikupita. Hapa kwa mbavu njo gurudumu. Nyama ingine nimezika. Sikukula. Hata kidogo sikukula.»

Masenge akainama. Akakamata ngozi na mikono miwili, akapitisha kidole kwa shingo, kwa mbavu, polepole, sawa vile papa yake alikuwa anafanya na ngozi ya ngombe.

«Nimeona,» akasema. «Haukukula.»

Muzungu aliuliza infirmier kama hawa batu ni bazima kwa kichwa. Infirmier, mutoto wa Miti, alianza kumweleza. Nilisikia «vache», ni kusema ngombe, nilisikia «preuve», ni kusema ushuhuda, nilisikia «vache» tena. Muzungu alikuwa mwekundu, akakuwa mweupe, akakuwa mwekundu. Aliangalia suruali ya fundi ndani ya vumbi. Kisha akafunika ndoo yake, akaisukuma ndani ya camion na muguu, akasema kitu kifupi kwa Kifaransa.

«Amesema nini?» nikauliza.

«Amesema kule kwao hakuna mutu alimupigiaka magoti juu ya mbwa,» infirmier akajibu, akapanda.

Hawakurudi kwa avenue yetu tena na nyama.

Shemeji alikuwa angali kwa kiti. Masenge akamugeukia, sahani kwa mukono, na sauti yake sasa ilikuwa tamu sawa asali.

«Shemeji, umefika saa ya haki. Muguu ni ya bwana wa nyumba. Bwana yangu hayuko, basi ni ya ndugu yake. Mutoto, washa moto.»

«Nini?»

«Ni ngombe yangu, shemeji. Ukila, umekula kwa mukono yangu, mbele ya hawa bote, tunajua weye ni mutu wangu. Ukikataa, basi hauko ndugu ya bwana yangu, na siye hatujuani.»

Shemeji akaangalia muguu. Muguu, na makucha yake, ikamuangalia. Avenue nzima ilikuwa inangojea, na paka zake mikononi. Miye nikaleta chumvi. Sikutumwa, nilileta tu.

«Na pilipili, papa?»

Alisimama. Alisema tumbo inamuuma toka Mudaka. Alisema atakula siku ingine. Alipanda baiskeli upande mubaya, akashuka, akapanda tena, na ile kamba ya kufungia mizigo ilikuwa inajiburuta nyuma yake kwa vumbi sawa mukia. Toka ile siku, neno ya jembe haikutoka tena kwa kinywa yake.

Sasa kicheko yangu ilirudi. Yote, ya mwezi muzima. Nilikuwa nimeshika ukuta, machozi inatoka, nikageuka kwa fundi ili tucheke pamoja.

Fundi alikuwa angali kwa magoti. Alikuwa analia. Kwa kweli, analia na mabega, ile mutu ya kitunguu.

«Alikuwa analala kwa pedale,» aliniambia. «Nilikuwa nashona na mukono, ili nisimuamushe.»

Kicheko ikakauka mara moja. Nilisimama pale na chumvi yangu.

Masenge alifunika sahani. Alinituma kuzika muguu nyuma ya depo, pale kati ya mawe, na nikazika. Nikarudi, nikamukuta amemimina kasiksi.

«Ngombe ikikufa haki,» akasema, «mwenyewe anarudisha ingine. Lete kale keusi.»

«Masenge! Haka ni kangu!»

«Ni kako? Ulikunywa wapi?»

Nikafungua kikwembe. Kale keusi kalilia kidogo, kakashika kidole yangu na makucha, na nikakaweka kwa magoti ya fundi, juu ya lile vumbi.

Fundi akakamata kikombe. Mara hii alingoja maneno kwanza, yote, mpaka mwisho, halafu akakunywa.